Uiju, Sinuiju, Wiju, Yongman: ni mji mmoja au minne?

Swali: Ninafasiri makala ndefu ya historia ya Korea na nimekwama kwenye jina la mji. Ukurasa mmoja unasema mfalme alikimbilia Uiju, mwingine unasema reli iliishia Sinuiju, ramani ya zamani imeandika Wiju, na shairi lililonukuliwa humo linataja Yongman. Ni mji mmoja? Jina lina maana gani? Na kwa nini mji ambao leo hausikiki sana unatajwa kila vita inapozuka?

Jibu: Ni miji miwili yenye majina manne. Uiju, Wiju na Yongman ni mji uleule wa kale. Sinuiju ni mji mwingine, uliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, mwendo wa saa chache kwa miguu ukifuata mto kuelekea baharini. Yote miwili imekaa ukingo wa kusini wa mto Amnok, huo ambao Wachina na ramani nyingi za dunia huuita Yalu. Ng'ambo ya pili ni China.

Tuanze na jina. Kwa herufi za Kichina Uiju huandikwa 義州. *Ui* ni haki, uadilifu, kutimiza linalokupasa. *Ju* ni jimbo au wilaya, ingawa herufi yake ya asili ilichorwa kama vipande vya nchi kavu katikati ya mto. Ni *ju* hiyohiyo ya Gyeongju na Jeonju, na ndiyo Wachina wanayoitamka *zhou* katika Guangzhou na Hangzhou. Kwa hiyo *ju* peke yake haikuambii chochote kuhusu mji zaidi ya kwamba kulikuwa na makao ya mtawala. Uzito wote uko kwenye *ui*, na kwenye mwaka jina hilo lilipowekwa: 1117.

Mwaka huo hauwezi kueleweka bila kurudi nyuma hadi 993. Wakitani, waliotawala kaskazini kwa jina la Liao, waliivamia Goryeo, dola ya Korea ya wakati ule. Mjumbe wa Goryeo, Seo Hui, alikwenda kambini kuzungumza na jenerali wao badala ya kukubali kuwakatia ardhi. Hoja zake zilikuwa mbili: kwamba Goryeo ni mrithi wa Goguryeo, dola ya kale iliyotawala pande zote mbili za mto, na kwamba kinachoizuia Goryeo kupeleka salamu kwa Liao ni Wajurchen, kabila la kaskazini lililokaa njiani. Waondolewe hao, njia itafunguka. Wakitani wakarudi kwao, na Goryeo ikajenga ngome sita upande wa mashariki wa mto. Moja, Heunghwa, ilikuwa eneo la Uiju.

Lakini Wakitani hawakuchelewa kujuta. Katika miaka ya 1010 walivuka tena, wakaweka daraja la mashua na ngome zao ukingo wa upande wa Korea, wakaziita kwa jina lao. Mji wao pale uliitwa Poju kwa matamshi ya Kikorea. Goryeo ilidai eneo hilo kwa karibu karne nzima bila mafanikio. Likapatikana bila vita kubwa: mwaka 1117 Liao ilikuwa inasambaratika mbele ya dola mpya ya Jin, na maofisa wake wa mtoni, wakijua hawawezi kubaki, waliikabidhi Goryeo mji wakakimbia kwa njia ya bahari. Mfalme Yejong akafuta jina la Poju, akauita Uiju, akahamishia huko familia kutoka kusini ili mji usibaki mtupu, na mto Amnok ukawa mpaka tena. Kwa hiyo unapokutana na jina hili katika maandishi ya Kikorea, kumbuka kwamba ni jina la mahali paliporudishwa. Wenyeji walikwisha kulitumia neno *ui* kabla ya hapo katika jina la zamani Hwaui, kwa hiyo mfalme hakulibuni kutoka hewani.

Jina jingine la zamani ni hilo Yongman la shairi lako, yaani ghuba ya joka. Lilibaki kwenye ndimi za washairi na wafanyabiashara hata baada ya serikali kuacha kulitumia. Ndiyo maana wafanyabiashara wa Uiju hawaitwi kwa jina la mji wao, bali *mansang*: *man* ya Yongman, *sang* ya biashara. Mkuu wa mji naye aliitwa kwa kifupi *manyun*. Ukiona *man* imesimama peke yake katika habari za enzi ya Joseon, dola ya Korea iliyofuata Goryeo, jiulize kwanza kama si Uiju.

Sasa umuhimu. Ukichora mstari kutoka Seoul hadi Beijing kwa njia ya nchi kavu, mahali unapovuka Amnok ni hapa. Mto ukiwa karibu na bahari hapo, unapanuka na kugawanyika kuzunguka visiwa vya mchanga, jambo linalorahisisha kuvuka kwa mashua wakati wa kiangazi. Majira ya baridi huganda, ukavuka kwa miguu. Jeshi, balozi na mwizi wote walitumia njia moja. Barabara ya Hanseong (Seoul ya leo) hadi Uiju ilihesabiwa kuwa ya kwanza kati ya barabara kuu za Joseon, yenye urefu wa zaidi ya ri 1,000, na ri moja ni kama mita 400.

Katika moja ya visiwa hivyo, Wihwa, ndipo dola ilipobadilika mikono mwaka 1388. Goryeo ilimtuma Jenerali Yi Seong-gye na askari wapatao 38,000 kuishambulia Liaodong, eneo la ng'ambo ya mto lililokuwa mikononi mwa Ming, dola ya China ya wakati ule. Alifika kisiwani wakati wa mvua za kiangazi, mto umefurika, akaandika sababu nne za kutoendelea. Mbili ni za kawaida: nchi ndogo haifai kuipiga nchi kubwa, na jeshi likiondoka maharamia wa Japani watashambulia kusini. Ya tatu ilikuwa msimu wenyewe wa kiangazi, wakati wa kilimo. Ya nne ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu ni ya fundi: mvua zitalegeza gundi ya pinde, na askari wataugua. Upinde wa Kikorea haukuwa fimbo moja iliyokunjwa. Ulikuwa mwanzi uliobandikwa pembe ya nyati wa majini upande wa tumboni na kano za mnyama upande wa mgongoni, na kilichoshikanisha vyote ni gundi ya kibofu cha samaki. Gundi hiyo ikinyonya unyevu hulainika, tabaka huachana, na upinde hukosa nguvu au hugeuka mkononi. Jeshi la wapiga mishale kisiwani kwenye mvua ya wiki kadhaa ni jeshi lisilo na silaha. Yi aligeuza askari, akaingia mji mkuu, na mwaka 1392 akawa mfalme wa kwanza wa Joseon.

Mfalme unayemtaja wewe ni Seonjo. Mwaka 1592 jeshi la Japani lilishuka Busan na siku kama ishirini baadaye likawa limeingia Hanseong. Seonjo alikimbia kaskazini, akapita Pyongyang, akafika Uiju katika mwezi wa sita wa kalenda ya mwezi. Mbele yake hapakuwa na Korea tena, kulikuwa na maji tu. Alitaka kuvuka. Waziri Ryu Seong-ryong na wengine walimpinga kwa hoja kwamba mfalme akikanyaga ng'ambo, nchi si yake tena. Ming nao hawakuwa na hamu ya kumpokea na msafara mkubwa. Aliyebaki ndani ya nchi kuhamasisha watu ni mwanawe Gwanghae, akiongoza nusu ya baraza. Seonjo alikaa Uiju karibu nusu mwaka, hadi majeshi ya Ming yaliyovuka hapohapo yalipoungana na ya Korea na kuikomboa Pyongyang mwanzoni mwa 1593. Kwa miezi hiyo Uiju ilikuwa, kwa vitendo, mji mkuu. Katika tafsiri yako usiandike "alihamishia makao Uiju". Alikimbilia.

Vita hivyo ndivyo vilivyozaa soko. Nchi ilikuwa na njaa, na 1593 soko likafunguliwa Junggang, kisiwa cha mtoni karibu na Uiju, ili Wakorea wabadilishe nguo za pamba kwa nafaka za Liaodong. Ilikuwa hatua ya dharura, lakini biashara ikishapata mlango huwa haitoki kirahisi.

Hapa panahitaji muda kidogo, maana bila biashara Uiju ingekuwa ngome kama ngome nyingine. Joseon haikuruhusu watu wake kwenda China wapendavyo. Waliokwenda ni misafara ya mabalozi, mamia ya watu kwa safari, na kila mwanachama mwenye cheo aliruhusiwa kubeba mali kwa kiasi maalumu ili ajilipie gharama. Kiasi hicho kiliitwa *palpo*, mafurushi manane: kila furushi geun 10 za jinsengi, mzizi wa dawa, jumla geun 80, kama kilo 48. Jinsengi ya porini ilipoadimika, kiasi kiligeuzwa fedha kwa kiwango cha ryang 25 (ryang ni kipimo cha uzito wa fedha) kwa geun moja, ndiyo yakawa ryang 2,000 za fedha. Wakalimani wengi hawakuwa na fedha hizo. Basi waliuza nafasi yao kwa wafanyabiashara wa Uiju, Kaesong na Pyongyang, ambao mali yao ilisafiri kwa jina la mkalimani. Ukisoma kwamba "wakalimani walitajirika Beijing", mara nyingi mwenye mali alikuwa amebaki nyuma au anatembea msafarani kama mpagazi.

Ukaguzi ulifanyika ukingoni. Mwandishi wa Joseon Park Ji-won, aliyevuka kiangazi cha 1780, ameueleza vizuri kuliko mtu yeyote. Walisimamisha bendera tatu kama milango mitatu. Vilivyokatazwa ni dhahabu, lulu, jinsengi, manyoya ya thamani, na fedha kupita kiasi kilichoruhusiwa. Watumishi walifunguliwa nguo na kupapaswa suruali. Wakalimani walifunguliwa mizigo, na matandiko yakatandazwa hovyo ukingoni huku masanduku ya ngozi na ya karatasi yakizagaa majanini. Ukikamatwa na magendo kwenye bendera ya kwanza, unachapwa vikali na mali inachukuliwa. Ya pili, uhamisho. Ya tatu, kichwa kinakatwa na kutundikwa hadharani. Ona mantiki yake: kadiri unavyokaribia maji ukiwa bado umeficha kitu, ndivyo kosa linavyokuwa kubwa. Na Park mwenyewe anakiri kwamba wafanyabiashara wakubwa walikuwa na njia zao za kupitisha mali kabla ya siku ya ukaguzi.

Baada ya kuvuka hukufika mjini. Kulikuwa na pori la kama ri 120 hadi lango la uzio wa Qing, dola ya Wamanchu iliyoitawala China baada ya Ming, ambalo Wakorea waliliita Chaekmun. Watu walikatazwa kuishi katika eneo hilo, kwa hiyo misafara ililala nje. Langoni ndipo *mansang* walipofanya biashara yao hasa. Bidhaa iliyowatajirisha karne ya 19 ni jinsengi nyekundu. Jinsengi mbichi sehemu kubwa ni maji, huoza au hushikwa na ukungu safarini. Ikipikwa kwa mvuke kisha kukaushwa hugeuka nyekundu, hukauka ngumu kama kijiti, na hustahimili miaka. Kaesong iliitengeneza, Uiju iliiuza. Mwaka 1797 serikali iliruhusu rasmi geun 120 tu kwenda China. Nusu karne baadaye kiasi kilichoruhusiwa kilifika geun 40,000.

Jina linalotajwa zaidi katika biashara hiyo ni Im Sang-ok (1779–1855), mzaliwa wa Uiju. Kuna simulizi kwamba wanunuzi wa Beijing walipogoma ili bei ishuke, alianza kuchoma jinsengi yake mbele yao hadi wakamsihi aache na kulipa zaidi. Liandike kama simulizi.

Vita vya Wamanchu nitavipita haraka. Mwaka 1627 Uiju ilikuwa ya kwanza kuanguka. Mwaka 1636 Jenerali Im Gyeong-eop alijiandaa katika ngome ya mlimani ya Baengma, karibu na Uiju, lakini Wamanchu hawakuishambulia: waliipita tu wakaelekea moja kwa moja mji mkuu. Ngome nzuri kando ya barabara haisaidii ikiwa adui hana haja nayo.

Jambo moja ambalo wasomaji wengi wa Kikristo hawalijui: Agano Jipya la kwanza kamili kwa Kikorea, lililochapwa Mukden (Shenyang ya leo, China) 1887, lilifasiriwa na mmisionari Mskoti John Ross pamoja na wanaume wa Uiju, akiwemo Seo Sang-ryun, waliokutana naye kwa sababu ya biashara ya ng'ambo. Lahaja ya kaskazini-magharibi inasikika ndani yake.

Sasa Sinuiju. *Sin* ni "mpya", kwa hiyo ni Uiju Mpya. Wakati wa vita vya Urusi na Japani, jeshi la Japani lilivuka Amnok eneo la Uiju na kuwashinda Warusi tarehe 1 Mei 1904. Wakati huohuo lilikuwa linajenga reli kwa haraka kutoka Seoul. Reli hiyo ikaitwa Gyeongui: *gyeong* ya mji mkuu, *ui* ya Uiju. Ila haikufika Uiju. Wahandisi waliipeleka chini zaidi ya mto, mkabala na mji wa Andong upande wa China, na pale kituo cha mwisho kilipowekwa ndipo mji mpya ulipoota. Mji wa kale ukabaki na jina la reli bila reli, na ofisi za mkoa zikahamia Sinuiju katika miaka ya 1920. Seoul hadi leo kuna treni za mstari wa Gyeongui zinazobeba wafanyakazi asubuhi na jioni, zenye jina la mji ambao haziwezi kuufikia.

Daraja la kwanza la reli lilifunguliwa 1911, likiwa na sehemu moja inayozunguka ili kupisha meli. La pili lilikamilika 1943. Novemba 1950, katika Vita vya Korea, ndege za Marekani ziliyashambulia kuzuia majeshi ya China, ambayo tayari yalikuwa yameanza kuvuka mwezi uliotangulia. Marubani walikatazwa kuingia anga ya China, hivyo waliruhusiwa kupiga nusu ya upande wa Korea tu. Ndiyo sababu daraja la 1911 leo limesimama upande wa China likakatika katikati ya mto, na upande wa Korea zimebaki nguzo za mawe tupu. La 1943 lilitengenezwa na ndilo linalopitisha treni na malori. Mwaka 2002 Pyongyang iliitangaza Sinuiju kuwa eneo maalumu la utawala chini ya tajiri Yang Bin. China ilimkamata ndani ya wiki chache, na mpango ukafa.

Katika mji wa kale yapo bado mambo mawili ya kutajwa: banda la Tonggunjeong kilimani juu ya mto, na Lango la Kusini lenye kibao kisemacho *Haedong Jeilgwan*, lango la kwanza la nchi iliyo mashariki ya bahari, yaani Korea. Hapo usilifasiri "lango bora". "La kwanza" maana yake ni kwamba atokaye China hukutana nalo kabla ya mengine.

Mitego inayowanasa wafasiri ni hii. 義州 ni pia jina la zamani la mji mwingine kabisa huko Liaoning, karibu na Jinzhou, kwa hiyo ukitafuta kwa herufi hakikisha mto ulio karibu ni Amnok. Andong iliyo mkabala na Sinuiju ilibadilishwa jina kuwa Dandong mwaka 1965. Kuna Andong nyingine kusini mwa Korea, herufi zilezile, haihusiani. "Vita vya Yalu" vya 1894 vilikuwa vya majini kati ya Japani na China; vya 1904 ni vya nchi kavu na Warusi. Uijeongbu ni mji wa karibu na Seoul, na *ui* yake ni neno jingine. Na kama makala yako inasema jenerali wa Goryeo Kang Kam-chan aliwazamisha Wakitani kwa maji huko Gwiju 1019, mwandishi amechanganya: hila ya kuziba kijito kwa ngozi za ng'ombe zilizoungwa kwa kamba nene ilifanyika mwaka 1018 huko Heunghwa, eneo la Uiju.

Tahajia hutegemea umri wa maandishi. Wiju ni ya magazeti na ramani za Ulaya za mwanzo wa karne ya 20. Gishū na Shingishū ni za Kijapani, utaziona kati ya 1905 na 1945. Yizhou ni ya Kichina. Ŭiju yenye kialama juu ni ya vitabu vya kitaaluma.

Matamshi: Mswahili huvutwa kusema U-i-ju, silabi tatu. Kikorea ni mbili, *Ui-ju*. Tandaza midomo kama unayetaka kusema "i", rudisha ulimi nyuma utoe sauti iliyo kati ya "u" na "i", kisha iteleze hadi "i". Midomo isiviringike. Sinuiju katika maongezi ya kasi husikika karibu na "Siniju".

Kwa makala yako, andika Uiju kwa kila jambo la kabla ya 1904 hata kama chanzo kina Wiju, na Sinuiju pale tu reli, daraja au mabomu yanapotajwa. Kwenye shairi acha Yongman kama ilivyo, uweke maneno manne pembeni: "yaani mji wa Uiju".